Kufaana Ndiko Kuishi

Kila mtu anayekula kwa jasho lake hufikiwa na saa ya kujiuliza. Mshahara umekwisha gawanywa. Kodi ya chumba imelipwa, deni la dukani limepunguzwa, karo ya mtoto imetolewa nusu. Na kilichobaki mkononi hakimfikishi katikati ya mwezi. Hapo swali huja lenyewe bila kualikwa: Je, haya ndiyo maisha? Kuamka, kufanya kazi, kula na kulala, kisha kuamka tena, mpaka siku ya kuchukuliwa na jeneza? Swali hili si la mvivu, wala si la mlalamishi. Ni swali la mtu mwenye akili timamu, nalo lastahili kujibiwa kwa heshima.

Barabarani husikika majibu mawili. La kwanza lasema kwamba raha ya mtu imo katika kupata: ongeza fedha, ongeza nguo, ongeza nyumba, jirani akutazame kwa kijicho, ukishapata vya kutosha utatulia. La pili lasema kwamba duniani hapana raha, basi kila mtu na avumilie lake na kulinda la kwake. Jibu la kwanza lina mkosi mmoja: huko "kutosha" hakujapata kuonekana na mwenye tamaa. La pili lina mkosi mkubwa zaidi, kwani lamfunza mtu kuwa jiwe. Na jiwe halina uchungu, lakini furaha nayo halina.

Sisi twashika jibu la tatu, ambalo wazee wetu walikuwa nalo tangu zamani: kwamba mtu huiona maana ya maisha yake pale anapomfaa mwenzake. "Kutoa ni moyo," walisema, "usambe ni utajiri." Walakini methali ikisemwa mno huwa kama sarafu kuukuu, hupita mikononi wala mtu haitazami tena sura yake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo hatutahubiri. Tutashika jambo moja tu, linalopimwa kwa mizani na kuhesabiwa kwa siku, tuone kama wazee walisema kweli. Jambo hilo ni kutoa damu kwa ajili ya mtu usiyemjua.

UNDUGU WA KUCHANJIANA

Damu kuwa zawadi si jambo geni katika nchi zetu. Makabila mengi ya Afrika ya Mashariki yalikuwa na desturi ya kuchanjiana. Watu wawili wasiozaliwa tumbo moja walijichanja ngozi, kila mmoja akaonja damu ya mwenziwe. Huko Buganda waliipaka juu ya punje ya buni na kuila. Tangu siku ile walikuwa ndugu. Mmoja akisafiri katika nchi ya mwenziwe alipata mahali pa kulala na mtu wa kumtetea. Na aliyemsaliti ndugu wa kuchanjia alihesabiwa kuwa mtu aliyelaaniwa. Maana ya desturi hiyo ilikuwa wazi: undugu waweza kuzaliwa, na tena waweza kutengenezwa kwa hiari.

Sayansi ilipata njia yake baadaye. Kwa miaka mingi waganga wa Ulaya walijaribu kuhamisha damu ya mtu mmoja kuitia katika mwili wa mwingine. Mara nyingine mgonjwa alipona, mara nyingine alikufa papo hapo, wala hapakuwa na mtu aliyeelewa sababu. Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner, aliyekuwa akifanya kazi mjini Vienna, alitangaza kwamba damu za watu zina makundi, na kwamba kundi lisilopatana na jingine hupigana nalo. Hayo ndiyo makundi tunayoyajua leo kwa majina ya A, B, AB na O. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Lakini palibaki kizuizi kimoja. Damu ikitoka mwilini huganda. Basi mtoaji na mgonjwa walilazimika kulala kitanda kwa kitanda, mshipa wa mmoja ukaunganishwa na mshipa wa mwingine. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1914, wakati Albert Hustin wa Ubelgiji na Luis Agote wa Argentina, kila mmoja kwa upande wake, walipoonyesha kwamba chumvi iitwayo sitreti, yenye asili moja na ukali wa limau, huizuia damu isigande. Tangu hapo damu iliweza kuwekwa katika chombo na kuhifadhiwa.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa, maana katika habari hii ya chumvi limo jambo kubwa la utu. Kabla ya mwaka 1914 aliyetoa damu aliuona uso wa aliyemtolea. Baada ya hapo mtu aliweza kumwokoa mwenzake asimwone kamwe: asijue jina lake, wala kabila lake, wala dini yake, wala chama chake. Yule mwenzake naye asijue ni nani wa kumshukuru. Undugu wa kuchanjiana uliotaka watu wawili wakae uso kwa uso, sasa waweza kufungwa kati ya mvuvi wa Mafia na mama wa Tabora, wala wasijuane mpaka kufa kwao.

SIMU YA CAMBERWELL

Mwaka 1921 hospitali moja ya London ilikuwa na mgonjwa aliyehitaji damu haraka. Simu ikapigwa kwa Percy Oliver, mtumishi wa halmashauri ya mtaa wa Camberwell, ambaye alikuwa katibu wa tawi la Msalaba Mwekundu la mtaa ule. Oliver na wenzake wachache walikwenda hospitali, na damu ya mmoja wao, muuguzi, ikafaa. Jambo lingeweza kuishia pale. Lakini Oliver alijiuliza: kesho akipatikana mgonjwa mwingine, nani atapigiwa simu? Yeye na mkewe wakaanza kuandika majina ya watu walio tayari kuitwa saa yoyote, usiku au mchana, nao wakaiendesha kazi hiyo nyumbani kwao. Waliotoa hawakulipwa. Hivyo ndivyo ulivyoanza mpango wa kwanza wa namna hiyo, ambao baadaye uliigwa katika nchi nyingine.

Oliver hakuwa daktari wala hakuwa tajiri. Alikuwa na daftari, simu, na moyo wa kutolala mwenzake anapoteseka. Mara ngapi tumesikia mtu akisema, "Ningekuwa na uwezo ningesaidia"? Uwezo alioutumia Oliver ni ule alionao karani yeyote: kuandika majina kwa usahihi na kutimiza ahadi.

DAMU SI BIDHAA

Alikuwapo Mwingereza mwingine ambaye habari zake zinatuhusu kwa karibu zaidi. Richard Titmuss aliacha shule angali kijana wa miaka 14, akafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya bima, akajisomea mwenyewe, na hatimaye akawa profesa katika chuo cha London School of Economics pasipo kuwa na shahada yoyote ya Chuo Kikuu. Huyu ndiye aliyeongoza kikundi cha wataalamu waliochunguza huduma za afya za nchi yetu mara baada ya uhuru. Taarifa yao juu ya huduma za afya za Tanganyika ilichapishwa mwaka 1964.

Mwaka 1970 Titmuss alitoa kitabu chake kiitwacho The Gift Relationship, kuhusu zawadi ya damu. Humo alilinganisha nchi mbili. Katika Uingereza damu ilitolewa bure na kupokelewa bure. Katika Marekani, wakati ule, sehemu kubwa ya damu ilinunuliwa. Wafanya biashara walitarajia kwamba penye bei patakuwa na mali nyingi na nzuri. Titmuss alionyesha kinyume chake. Waliouza damu walikuwa mara nyingi maskini waliobanwa na shida ya siku ile, na wengine walevi waliotafuta fedha ya haraka. Mtu wa namna hiyo akiulizwa, "Je, umepata kuugua ugonjwa wa ini?" alikuwa na sababu ya kusema hapana, kwani akisema ndiyo angekosa chakula cha jioni. Matokeo yake wagonjwa wengi walioongezewa damu ya kununuliwa walipata ugonjwa wa ini. Yule aliyetoa bure hakuwa na sababu ya kudanganya. Alikuja kumponya mtu, basi kumficha ugonjwa kungekuwa kuiharibu kazi yake mwenyewe.

Wako waliompinga Titmuss, na hoja zake zimejadiliwa tangu wakati ule mpaka leo. Hata hivyo, mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizihimiza nchi zote zijenge huduma za damu juu ya watu wanaojitolea bila malipo. Na mwaka 1978 Serikali ya Marekani ilitoa amri kwamba kila chupa ya damu iandikwe kama imetoka kwa mtu aliyelipwa au kwa mtu aliyejitolea.

Fundisho lake kwa mfanya kazi ni hili. Viko vitu ambavyo vikitiwa bei huharibika. Nia ya mtoaji si pambo linaloongezwa juu ya zawadi. Imo ndani ya zawadi yenyewe, kama chumvi ilivyo ndani ya mchuzi. Tena Titmuss aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: kwamba biashara ya damu ilimnyang'anya mtu nafasi ya kutoa. Sisi huhesabu haki ya kupata mshahara, haki ya kupata matibabu, haki ya kupata elimu. Na ni vyema tuzihesabu. Haki ya kumfaa mtu mwingine nayo ni haki, na mtu aliyenyimwa nafasi ya kuwa na manufaa kwa wenzake ni maskini wa aina yake, hata kama meza yake imejaa chakula.

BAHASHA ZA VANCOUVER

Huenda msomaji akasema: "Nimekubali kwamba kutoa ni kwema. Lakini wewe umeahidi kusema juu ya furaha. Ni nani aliyeipima?"

Imepimwa. Mwaka 2008 wataalamu watatu, Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton, walitangaza jaribio lao lililofanywa katika Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver, Kanada. Asubuhi waliwauliza watu 46 wana furaha kiasi gani. Kisha wakampa kila mmoja bahasha. Nyingine zilikuwa na dola 5, nyingine dola 20. Nusu yao waliambiwa wazitumie fedha hizo kwa mahitaji yao wenyewe, na nusu wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine, kabla ya saa kumi na moja jioni. Jioni walipigiwa simu na kuulizwa tena. Waliowafaa wengine walikuwa na furaha zaidi kuliko waliojifaa wenyewe. Na kiasi cha fedha, dola 5 au dola 20, hakikuleta tofauti yoyote. La ajabu ni kwamba watu wengine, walipoulizwa wabashiri, wengi walidhani mwenye kufurahi zaidi atakuwa yule aliyetumia dola 20 kwa nafsi yake. Yaani binadamu anaitafuta furaha yake mahali ambapo haipo, hali ipo karibu naye.

Mtu mwenye busara atauliza kama jambo hilo si la nchi tajiri tu, ambako aliyetoa hapungukiwi. Wataalamu hao nao walijiuliza hivyo. Mwaka 2013, pamoja na wenzao, walitoa taarifa iliyotumia habari za watu wa nchi 136. Na katika nchi 120 miongoni mwa hizo, waliotoa kwa ajili ya wengine walielekea kuridhika zaidi na maisha yao. Kadhalika waliwalinganisha watu wa Kanada na wa Uganda. Huko Kanada mtu alikumbuka zawadi ya siku ya kuzaliwa. Huko Uganda wako waliokumbuka kumnunulia mgonjwa dawa. Hali zao za maisha zilikuwa mbali kabisa, lakini moyo ulifurahi vilevile. Usambe ni utajiri! Wazee walilijua hili bila bahasha.

Liko sharti moja, nalo ni zito. Mwaka 2010 Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha kwamba msaada humletea mtu raha pale anapoutoa kwa hiari yake. Akilazimishwa, au akitoa kwa kuogopa aibu, raha hiyo hutoweka. Maneno haya yawafae viongozi wa kila ngazi. Mwananchi anayevamiwa mlangoni kwa daftari la michango na kutishwa kwamba asipotoa atakosa huduma, huyo hatoi, huyo ananyang'anywa. Jengo laweza kusimama kwa njia hiyo, lakini katika msingi wake umezikwa moyo wa watu. Mwenye kutaka wananchi wajitolee na awaeleze, awashawishi, awape hesabu ya kila senti, na kwanza yeye mwenyewe aonekane akitoa.

MKONO WA DHAHABU

Katika nchi ya Australia alikuwapo kijana wa miaka 14 jina lake James Harrison. Mwaka 1951 alipasuliwa kifua, na akaongezewa damu nyingi iliyotoka kwa watu asiowajua. Alipopona aliweka ahadi kwamba akifikia umri wa kuruhusiwa naye atatoa. Mwaka 1954 aliitimiza. Twaomba ifahamike kwamba mtu huyu aliogopa sindano. Maisha yake yote alipochomwa aligeuza uso asiitazame.

Baada ya miaka kadhaa madaktari waligundua kwamba damu yake ilikuwa na kingamwili adimu. Iko hali ambapo damu ya mama haipatani na damu ya mtoto aliye tumboni, na mwili wa mama humshambulia mwanawe kama adui. Watoto wengi walikufa kabla ya kuzaliwa, au walizaliwa na ubongo ulioharibika. Kutokana na maji ya damu ya Harrison, yaani plazima, iliweza kutengenezwa dawa ya kumkinga mtoto. Kuanzia mwaka 1967 dawa hiyo ilitolewa kwa akina mama wa Australia, na miongoni mwa walioipata baadaye alikuwa binti yake mwenyewe. Harrison alitoa mara 1,173, mpaka mwaka 2018 alipozuiwa na umri, akiwa na miaka 81. Alifariki mwezi Februari mwaka 2025. Shirika la Msalaba Mwekundu la nchi yake limekadiria kwamba plazima yake ilisaidia kuwalinda watoto milioni 2.4.

Tusidanganyike kwa ukubwa wa hesabu hiyo, tukadhani kwamba wema ni kazi ya watu wenye damu za ajabu. Siku ya kwanza alipotoa, Harrison hakujua kwamba damu yake ina kitu adimu. Alikwenda kama mtu yeyote, akiwa na deni moyoni na woga mkononi. Laiti angengoja mpaka ajue kama mchango wake utakuwa mkubwa, asingeanza kamwe. Na wale wageni waliomtolea yeye mwaka 1951, ambao majina yao hayajulikani, wana sehemu yao katika kila mtoto wa wale milioni 2.4. Wema hauozi.

HESABU YETU WENYEWE

Sasa na turudi nyumbani. Kwa miaka mingi hospitali zetu ziliwategemea jamaa wa mgonjwa. Mama akitokwa na damu baada ya kujifungua, ndugu zake walitafutwa usiku kucha. Aliyetoka mbali na kwao, asiye na jamaa mjini, alikuwa hatarini kwa sababu tu ya upweke wake. Mwaka 2004 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ili damu ikusanywe kwa watu wa hiari, ipimwe, na kuwekwa akiba. Vituo vya kanda vikajengwa, miongoni mwao vya Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Mbeya, Tabora na Mtwara. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kabla hajapewa mgonjwa yeyote.

Wataalamu hutumia kipimo hiki kama kiwango cha chini: kwa kila watu 100, chupa 1 ya damu kwa mwaka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Basi hesabu ni nyepesi, zahitajika chupa zaidi ya 617,000 kila mwaka. Ni nani wanaozihitaji? Duniani kote, kutokwa na damu wakati wa kujifungua ni sababu kubwa kuliko zote ya vifo vya akina mama wazazi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi maskini hadi 54 kwa mia ya damu inayoongezwa hupewa watoto wa chini ya miaka 5, ambao wengi wao wameishiwa damu kwa malaria. Wako pia waliopondwa barabarani, na wagonjwa wa selimundu. Wote hao ni watoto wetu, wake zetu na wenzetu wa kazini.

Na kwa upande wa mtoaji je? Chupa, kama tulivyozoea kuiita ingawa siku hizi ni mfuko wa plastiki, hubeba mililita 450 hivi, katika damu ya mtu mzima ambayo ni kadiri ya lita 5. Mtu mwenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, aweza kutoa; mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Kutoa kwenyewe huchukua kama dakika kumi. Maji ya damu hurudi katika siku moja au mbili, na chembe nyekundu katika majuma machache. Hata asipotoa, chembe hizo huishi siku 120 tu, kisha mwili huzivunja na kutengeneza mpya. Yaani kile anachokishikilia kwa woga hakikai. Kitakwenda zake, ama kimemfaa mtu, ama hakikumfaa mtu.

Damu iliyohifadhiwa nayo haikai daima. Chembe nyekundu hudumu majuma matano au sita katika ubaridi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, siku tano tu. Ndiyo sababu shauku ya siku moja haitoshi. Wanafunzi wa shule za sekondari ni miongoni mwa watoaji wakubwa, na shule zikifungwa akiba hupungua. Je, si aibu kwetu watu wazima, wenye vyama, wenye matawi, wenye vikao na mihuri, kwamba taifa liwangoje watoto warudi shuleni ndipo mama mzazi apate damu?

MSAADA USIOMWINAMISHA MTU

Tumeichagua damu kuwa mfano wetu kwa sababu yaonyesha jinsi msaada wote unavyopasa kuwa. Uko msaada mwingine unaomwinamisha anayeupokea. Mwenye mali huja na kilo za unga, na kabla ya kuutoa humpanga mjane mstari wa mbele apigwe picha. Mjane hula unga ule pamoja na aibu yake. Mtoaji naye hakupata kitu ila picha, na picha hupauka. Katika kutoa damu hapana mkubwa wala mdogo. Mkurugenzi na mfagizi hulala kwenye kitanda kile kile, hutoa kipimo kile kile, hunywa soda ile ile. Anayepokea hamwinamii mtu, kwa kuwa hamjui wa kumwinamia. Naye akipona aweza kesho kulala pale pale na kutoa. Leo mpokeaji, kesho mtoaji: hiyo ndiyo maana ya kufaana, na ndiyo tofauti kati ya kufaana na kufadhiliwa.

Wala mtu asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba ukarimu wa wananchi uchukue mahali pa wajibu wa Serikali. Damu iliyotolewa kwa moyo itaharibika ikiwa hapana jokofu, umeme, gari na mpimaji anayelipwa mshahara wake kwa wakati. Tena damu iliyotolewa bure, akitokea mjanja akamtoza mgonjwa fedha zake za kificho, huyo ameiba mara mbili: amemwibia mgonjwa fedha, na amemwibia mtoaji wema wake. Mwizi wa namna hiyo astahili kukemewa na kufikishwa mbele ya sheria bila kutazamwa cheo. Kudai haki na kutoa kwa hiari ni kazi mbili za mikono miwili ya mwili mmoja. Mwenye kufanya moja na kuiacha nyingine ni kilema wa kujitakia.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Je, yule aliyejiuliza kama maisha ni kuamka na kulala tu, amepata jibu? Twaamini amelipata, tena si kwa damu peke yake. Utingo anayemshika mkono mzee asianguke mlangoni, mpishi wa shule anayehakikisha kwamba mtoto wa mwisho amepata chakula sawa na wa kwanza, fundi anayemfundisha kijana kazi bila kumficha siri ya ufundi: hawa wote wanatoa kitu cha miili na akili zao kiingie katika maisha ya mtu mwingine. Mshahara huwalipa saa zao. Lakini ile nyongeza ambayo hakuna aliyewaamuru kuitoa, hiyo ndiyo inayowafanya wasimame wima. Mtu akijua kwamba yuko mahali fulani mwenzake anayeishi vyema zaidi kwa sababu yeye yuko, hawezi tena kujiona kuwa mzigo wa dunia.

Furaha hiyo haiji kwa kuitafuta moja kwa moja. Anayetoa huku akijitazama kama amekwisha kufurahi ni kama mkulima anayefukua mbegu kila asubuhi kuangalia kama imeota. Fanya kazi, mfae mtu, nenda zako. Tenda wema, usingoje shukrani.

Basi, ndugu msomaji, hatupendi maneno haya yaishie katika karatasi. Katika kila kiwanda, kila karakana, kila ofisi na kila tawi wako watu watano wenye afya. Na wakutane juma hili, waandike majina yao katika daftari kama Percy Oliver alivyofanya, wachague katibu mmoja, wapeleke habari kwenye kituo cha damu au hospitali iliyo karibu nao, na waulize siku ya kupokelewa. Miezi mitatu ikipita, wanaume warudi. Minne ikipita, wanawake warudi. Woga wa sindano si udhuru, maana yule mtu wa Australia aligeuza uso wake mara 1,173, na mkono akauacha palepale.